Vidonge vya Mama

Mama yangu hajawahi kumwambia daktari hapana. Kwao Moba, daktari akisema, mtu anainamisha kichwa na kuitikia. Mimi ni muuguzi hapa Kalemie, na ninajua vizuri kwamba ile "ndiyo" yao maana yake ni "nimekusikia", wala si "nitafanya".

Daktari wetu mpya hakujua. Alitoka Kinshasa, ambako wagonjwa wake walimbishia kidonge kwa kidonge.

"Mama yako ni mgonjwa mzuri sana," aliniambia.

Mgonjwa mzuri alikunywa dawa ya presha miezi miwili, na presha ikabaki juu vilevile. Mdogo wake alikwisha kupooza upande mmoja kwa ugonjwa huohuo. Niliogopa, niliogopa kweli.

Jumamosi moja nikaenda kwake bila taarifa. Nikamkuta kwenye mkeka nyuma ya nyumba na majirani watatu, wenzake wa kwaya, anawagawia vidonge vyake kama ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Nikafoka mpaka kuku wakakimbia.

"Bamama benzangu kichwa kinabauma," alisema, wala hakutikisika. "Nikunywe miye peke yangu? Miye si muchoyo."

Nilimpelekea daktari habari, nikitumaini atamgombeza kwa niaba yangu.

"Mbona hakuniambia?"

"Hukumuuliza anakunywa na nani."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema niwalete wote.

Jumatatu wakaja wanne, vitenge vya sare, wamejipaka mafuta kama wanakwenda harusini. Wawili walikutwa wazima kabisa, wakaambiwa waache dawa ya watu. Wa tatu alikuwa mama mmoja mpole, ambaye hakuwahi kulalamika. Alipokea vidonge kwa sababu kukataa cha mwenzake ni aibu. Daktari akampima, akahamia mkono wa pili, akapima tena. Presha yake ilizidi hata ya Mama. Hakumruhusu kurudi nyumbani; alimlaza palepale.

Sasa wote wawili wako salama, kila mmoja na pakiti yake, na wanakunywa pamoja mkekani saa moja asubuhi. Mama hajaniomba radhi, na sidai. Yule mpole nilimsalimia kanisani kila Jumapili kwa miaka, na kipimo cha presha kikiwa ndani ya mfuko wangu.