Picha Juu ya Picha

Mtaani walimwita Fundi Albamu, na jina alilipata kwa jasho lake. Ukitaka kumbukumbu ya harusi, ya kustaafu, hata ya paka aliyekufa, unampelekea picha zako naye anazipanga kwenye kurasa nene na kuzishikiza kwa vile vifungo vya chuma: kichwa kinachong'aa mbele, na miguu miwili myembamba unayoipitisha tunduni kisha ukaitandaza nyuma ya karatasi. Gundi aliidharau. "Gundi ni uvivu," alikuwa akisema, enzi hizo bado ana nguvu za kubishana.

Siku hizi alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu ulimhamia mwilini na virago vyake vyote. Dukani alipanga furaha za watu. Nyumbani alimwogesha mama yake, akamlisha, akamjibu swali lile lile mpaka mate yakamkauka. Mama alikuwa amemsahau. Alimwita "dada", kwa adabu zote, kana kwamba ni muuguzi wa zamu. Kaka mtu, ambaye mchango wake ulikuwa kupiga simu, alisema, "Mzoee tu, dada'angu. Ndio uzee huo." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hata hivyo, jambo moja alilitaka mno: mama amtambue, japo mara moja. Akamtengenezea albamu. Kwenye ukurasa mmoja alishikiza picha yake ya utotoni, meno ya mbele hayapo, gauni limemmeza. Juu yake akaweka picha yake ya sasa, akaifunga kona moja tu kwa kifungo chekundu, ili ukiisukuma kwa kidole izunguke na kufunua ya chini. Wateja waliupenda sana mtindo huo: bwana harusi juu, kitoto kinachotambaa chini, watu hawana mbavu. Mama ataona, alijiambia. Ataona kwamba huyu ndiye yule.

Jumapili mchana akamketisha dirishani, akamfungulia ukurasa. Mama akaisukuma picha, ikazunguka. Akainama karibu, na uso wake ukachanua.

"Kidoti wangu!" akasema. "Huyu mwanangu huyu. Kitindamimba. Mtundu, we acha tu!"

Fundi akamsogelea. "Ndiye, mama."

"Yuko wapi?"

"Ni mimi, mama. Tazama." Akairudisha picha ya juu taratibu. "Alikua."

Mama akaitazama picha, akamtazama na yeye, kisha akakunja uso.

"Na huyu mama mzima ni nani? Mbona kamkalia mwanangu?" Akaanza kuikwangua kwa kucha. "Mtoe! Atamkosesha pumzi."

Fundi akarudia kwamba ni yeye. Alisema kwa upole, akasema kwa ukali, na ukali ule akaujutia hapo hapo, maana mama aliangua kilio huku akizidi kukwangua.

Mwisho akasalimu amri. Aliugeuza ukurasa, akaikusanya miguu ya kifungo, akakichomoa. Picha ya Fundi ikamwangukia mwenyewe mapajani.

Mama akafuta machozi, akaikumbatia albamu kifuani.

"Asante, dada," akasema. "Mungu akujalie na wewe upate mtoto kama huyu."

"Amina, mama," akajibu.