Milango Iliyofungwa Katandala

Mtaje Kornel mbele ya mama Silvana uone. Atageuza uso pembeni, atatema mate, atafuta mdomo kwa pindo la kanga, kisha atakuuliza umekuja kununua ulezi au umekuja kumchafulia asubuhi yake. Wageni hudhani ni chuki. Si chuki. Mtu unayemchukia bado mnaweza kukaa meza moja mkala. Kornel anamtia kinyaa, kama nzi uliyemwona kwenye togwa wakati kikombe kimeshafika nusu.

Jina la ubatizo la mama Silvana ni Luciana. Alizaliwa Mpui, kwenye mahindi na ulezi, akaolewa mtaa wa Katandala, mjini, na Adolfu, mchuuzi aliyekuwa akishuka ziwani Kasanga kufuata samaki aina ya migebuka. Adolfu alipofariki, Silvana alikuwa bado ananyonya. Siku hiyo Luciana aliona jambo ambalo hajalisahau. Safu nzima ya maduka, kuanzia kwa Loth fundi cherehani mpaka kwa Edith mama ntilie, ilifunga milango bila mtu kuambiwa. Loth alishona kitambaa cha ndani ya jeneza. Edith alileta masufuria yake yote, na mama ntilie akishatoa masufuria siku hiyo hana biashara. Kornel, mwenye mashine ya kusaga, alisaga unga wa msiba bila kupumzika, na mkewe Lydia akakaa kisimani akiosha vyombo. Ndiyo ilikuwa desturi ya safu. Ukitokea msiba mtaani, milango inafungwa mpaka marehemu azikwe, na kila mmoja anakwenda msibani na kile anachokiuza.

Baada ya matanga Luciana alifungua genge lake hapo hapo, ulezi upande huu, dagaa upande ule, na tangu hapo yeye ndiye akawa wa kwanza kufunga kila mtaa ulipofiwa. Kornel alimsimamia Silvana ubatizo. Watu walipomchagua Kornel kuwa mwenyekiti wa mtaa, Luciana alitembea kifua mbele kana kwamba kachaguliwa yeye.

Ndipo ikaja Bei Chee, kampuni yenye maduka kila mkoa, ikakitaka kiwanja kilicho mkabala na safu. Ilimtuma kijana anayeitwa Flavian, mwenye viatu vilivyochongoka na shikamoo nyingi, akapita nyumba kwa nyumba akigawa sukari. Luciana aliitikia marahaba, akamrudishia sukari yake.

"Mwanangu, siku tukifiwa hapa, hilo duka lenu litafunga?"

Flavian akacheka kwa adabu. "Mama yangu, sisi hatufungi. Hata Krismasi tunafungua. Ndiyo raha yake."

Mtoto wa watu alidhani anasifia duka. Luciana alilibeba neno hilo, akazunguka nalo mtaa mzima. Hakusema habari za bei, maana bei angeshindwa. Alisema, hawa hawatafunga siku mtakapofiwa. Watu waliokuwa wamepokea sukari walitazama chini. Loth na Edith wakazunguka naye, na haikupita muda wakawa na kamati, ikikutana kwenye banda la Loth chini ya uenyekiti wa Kornel mwenyewe. Walikuwa wameelezwa kwamba mtaa ukikataa kwenye mkutano wa hadhara, kampuni haipewi kibali. Kazi ilikuwa moja tu, kujaza uwanja siku ya mkutano na kunyoosha mikono.

"Mama Silvana, mimi nikiwa hai hao watu hawakanyagi hapa," Kornel alikuwa akisema, huku akimega ugali wa Luciana na kuuchovya kwenye mchuzi wa migebuka ya Luciana. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini nani anakagua nguo akiwa anakula na ndugu?

Mkutano ulipangwa Jumamosi. Ijumaa akafariki mzee Ignasi, aliyekuwa akigonga kengele ya kanisa tangu wengi wao hawajazaliwa, na kwao ni Mpui, akatakiwa kuzikwa huko kesho yake. Loth akauliza mbele ya wafiwa, je, mkutano? Kornel akavua kofia.

"Mkutano tunauahirisha," alisema. "Hatuwezi kubishania duka na mzee wetu kalala ndani."

Luciana alitokwa na machozi, akamshukuru Mungu kwa kuwapa mwenyekiti mwenye utu. Mahali pengine watu wangejiongeza, wangeacha hata wachache nyuma wakae macho. Watu wa safu hawakuacha mtu. Walifunga milango, wakapanda Fuso mbili, wakaenda Mpui wakipigwa na upepo ule wa Ufipa unaopenya mpaka kwenye mifupa, na walipofika waliimba na kutupa udongo kaburini. Kornel hakuonekana.

"Anaumwa kichwa," Lydia alisema. "Kasema tutangulie, anatufuata."

Waliporudi jioni walikuta uwanja wa ofisi ya mtaa umejaa chupa tupu za soda. Watu wasiowafahamu, wamevaa fulana nyekundu za Bei Chee, walikuwa wakipanda lori kurudishwa huko walikookotwa. Kornel alikuwa kwenye kiti chake, soda mkononi, kichwa kizima kabisa. Lydia alipoiona fulana ya kwanza alikaa chini hapo hapo barabarani akalia kuliko alivyolia kaburini.

"Uliahirisha mkutano mbele ya maiti," Luciana akasema.

"Mama Silvana, akidi ilitimia. Wananchi waliokuwepo wamekubali." Alikunywa funda moja. "Maendeleo hayasubiri msiba."

Hapo ndipo Luciana alipotema mate kwa mara ya kwanza.

Walilalamika, ndiyo. Walipeleka wajumbe, wakarudi na jibu kwamba watu walinyoosha mikono na mikono ilihesabiwa. Na malipo ya Kornel yalipojulikana, kinyaa kiliongezeka. Mwanawe Teodori alipewa kazi ya kubeba maboksi ghalani. Basi. Kama angehongwa ghorofa, Luciana husema, tungesema tamaa ilimzidi nguvu. Kamuuza mzee Ignasi kwa kazi ya maboksi.

Siku ya ufunguzi foleni ilifika barabarani. Luciana aliwaona humo wanawake wa jumuiya yake ya kanisani, wale wale walioapa kwa rozari mkononi kwamba hawatalikanyaga duka hilo, wamejifunga kanga za bure zenye jina la kampuni kiunoni. Wakamsalimia wakicheka. Alijibu, kisha akaingia ndani, akajilaza juu ya magunia ya ulezi, akiwaza kwamba Jumapili atapeana amani na mikono hiyo hiyo.

Safu ilianza kupukutika. Edith alitangulia, maana Bei Chee walianza kuuza chapati na supu mlangoni pao. Loth alivumilia mpaka hata kaptula za shule zikawa zinatoka kiwandani, akafunga cherehani juu ya bodaboda, akarudi kwao Laela. Wengine wakafuata. Mashine ya kusaga nayo ilinyamaza, kwa kuwa unga ulikuwa unauzwa ng'ambo umeshafungwa kwenye mifuko. Uchaguzi ulipofika Kornel aliangushwa, na akawa akipitia njia ya nyuma ili asikutane na macho ya watu.

Kisha Lydia akaumwa, akafariki.

Luciana alipoletewa habari alikuwa akipima dagaa. Alimalizia kupima, akaingiza magunia, akaanza kufunga mlango. Silvana, ambaye sasa ni mama mwenye watoto wake, akamshika mkono.

"Mama, unamfungia Kornel?"

"Namfungia Lydia. Aliosha vyombo vya msiba wa baba yako mpaka vidole vikachubuka."

"Lakini yule alisema maendeleo hayasubiri msiba."

"Alisema. Nami nisipofunga nitakuwa nimesema kama yeye. Afadhali nilambe jalala."

Asubuhi ya mazishi, spika za Bei Chee zilikuwa zikipiga muziki na kutangaza ofa ya mafuta ya kula na nepi za watoto, na jeneza lilikuwa linakaribia kupita hapo kwenda kanisani. Kornel alikwenda mwenyewe kuomba. Meneja, mwanamke kijana anayeitwa Sayi, alitoka nje, akafumbata mikono kwa heshima.

"Shikamoo baba. Pole sana kwa msiba. Ila hilo tangazo linatoka makao makuu, sisi hapa hatuna ruhusa ya kulizima."

"Dakika chache tu, mwanangu. Mke wangu anapita."

"Pole sana, baba."

Kornel aligeuka, akavuka barabara, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akajikuta amesimama mbele ya safu. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Milango yote ilikuwa imefungwa. Luciana alikuwa ndiyo kwanza anatoka na beseni la unga kichwani kuupeleka msibani, na Kornel akapiga magoti kidogo, akapiga makofi ya pole pole, kama Wafipa wanavyomsalimia mtu wa heshima.

"Mama Silvana," alisema, "mmenifungia safu nzima. Mimi sikustahili."

Luciana aliitazama milango, mmoja baada ya mwingine. Kufuli la Edith lilikuwa limeota kutu. Buibui alikuwa ametanda kwenye bawaba za Loth.

"Leo nimefunga mimi peke yangu, baba Teodori. Hii mingine ilifungwa siku nyingi. Wewe ulikuwa hupiti huku."

Kornel alibaki na mikono yake imekutana, bila kupiga makofi. Ng'ambo walikuwa wakitangaza nepi. Mate yalimjaa Luciana mdomoni, lakini jeneza la Lydia lilikuwa limeshafika kwenye kona. Aliyameza, akaenda kusonga ugali.