Maji ya Pipa la Area D

Siku ya kwanza kufika kwenye nyumba ile ya Area D, hapa Dodoma, nilivaa gauni langu la ofisini na viatu vya ngozi vyenye kisigino kifupi. Nilikuwa nimeambiwa kuna mgeni, mshauri wa mradi wa barabara, anayetafuta mtu anayeyajua maji, nami nilijihesabu kuwa mtu huyo. Mshauri alinipokea vizuri, akanipa chai, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Pale palikuwa na pipa kubwa la mbao, urefu wake ukinifika kifuani, limefungwa mikanda ya chuma, na bomba la moshi limechomoza ubavuni. Akaniambia ndilo bafu lake. Kwao, nchi ya baridi, watu hukaa humo jioni maji yakiwa ya moto, wakazungumza. Halafu akatazama miguu yangu, akasema kwa upole kabisa, "Mama, viatu itabidi uvivue. Kazi iko ndani."

Niliingia peku, gauni nimelibana kati ya magoti, mlinzi akijifanya anaangalia upande wa geti. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ambayo kwa miaka mingi sikupenda kuitaja.

Kabla ya hapo nilikuwa msaidizi katika maabara ya maji. Tulizunguka vijijini kuchukua maji ya visima, na wakati mwingine safari ilinifikisha hata kwetu Busi, huko Kondoa, ambako baba yangu aliwaita majirani waje kunitazama nikijaza chupa. Bosi wetu, Mkuu wa Maabara, alikuwa mzee mrefu mwenye koti jeupe lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni. Kila asubuhi alinusa mikono yetu kabla hatujagusa chombo. Alinifundisha kusuuza chupa kwa maji yale yale ninayokwenda kuyapima, na nilipojaribu kuharakisha aliniambia, "Chupa ikiwa chafu umepima mkono wako, Zaituni. Hukupima maji."

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka yalijaa bidhaa, mashirika yakauzwa, na ofisi zikaambiwa zibaki na watu wachache. Mkuu aliniita mwenyewe, akanipa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akanieleza kwamba sikukosea kitu, ila nafasi yangu imefutwa. Nilijibu, "Asante, Mkuu," kwa kuwa sikujua mtu husema nini saa kama ile.

Sasa niwaeleze pipa lenyewe, maana vijana mnaona ya plastiki hotelini mkadhani yote ni mamoja. Pipa la mbao ni mbao zilizosimamishwa bega kwa bega bila gundi wala msumari. Kinachozuia maji yasitoke ni mbao zenyewe, ambazo huvimba zikilowa na kubanana. Kwa hiyo adui yake wa kwanza ni ukavu, na Dodoma ukavu haujatupungukia. Likikaa tupu wakati upepo wa Agosti unavuma, mbao husinyaa, na ukilijaza linavuja kila upande. Mara ya kwanza lilipovuja nilikimbilia spana nikaze mikanda. Mshauri akanizuia. Alisema nijaze polepole, nilifunike, niziache mbao zinywe. Kesho yake halikudondosha tone.

Ndani halioshwi kwa sabuni, kwa sababu mbao huifyonza na siku ya kuoga huitoa kama povu. Nilisugua kwa brashi laini kufuata nyuzi za mbao, hasa kwenye maungio, ambako utelezi hujificha na vijidudu hukaa. Klorini niliiweka kidogo na kuipima kila mara. Ikizidi, mbao hupauka na kuota manyoya kama gunia. Jiko la kuni lilikuwa la chuma, limezama majini, na sikuthubutu kuliwasha kabla maji hayajalifunika, la sivyo lingeungua na kutoboka. Maji yetu yana chumvi nyingi, nayo huacha ukoko mweupe juu ya chuma hicho. Niliutoa kwa ndimu. Kwa nje nilipaka mafuta kila mvua zilipoisha.

Kazi hiyo niliifanya vizuri, na kwa hilo sina la kuficha. Aibu ilikuwa kwenye maji.

Mitaani kulikuwa na mgao wa maji. Mabomba yalikohoa hewa, akina mama wakaamka alfajiri kutafuta kisima chenye foleni fupi. Kwa Mshauri liliingia boza, lori la maji, likajaza tangi, na tangi likajaza pipa. Kila Jumamosi nilichomoa kizibo, maji waliyoogea yeye na wageni wake yakapita kwenye bomba chini ya ukuta hadi mtaroni. Wiki za mwanzo yalipotelea mchangani. Halafu mwanamke mmoja akayakinga kwa ndoo. Haikuchukua muda wakawa wengi, wengine wametembea kutoka Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma, wamepanga ndoo na madumu kando ya ukuta wakisubiri wazungu wamalize kuoga.

Nilimweleza Mshauri. Alikwenda getini, akasimama pale muda mrefu akiwatazama, kisha akaniambia mlinzi asiwafukuze. Hakuwa mtu mbaya. Jioni ile aliniagiza nijaze pipa kama kawaida.

Ikawa sehemu ya kazi yangu kutoka nje na kuongoza bomba la mpira kutoka ndoo moja hadi nyingine, nimevaa suruali kuukuu ya mume wangu iliyokunjwa hadi magotini. Baba alipotuma salamu kutoka Busi akiuliza kazi, nilimjibu kwamba niko kwenye maji bado.

Jumamosi moja, nikiwa nimeinama hivyo, niliona dumu la njano na nyuma yake viatu vyeusi vya kamba vilivyopigwa rangi. Niliinua macho. Alikuwa Mkuu wa Maabara. Nilikuwa nimesikia kwamba naye amestaafishwa mapema, lakini sikumtarajia kwenye mtaro. Kofia ameivuta hadi kwenye nyusi. Tulitazamana, na yeye akawa wa kwanza kugeuza uso, akamwambia mwanamke aliye mbele yake asogeze ndoo. Nikaelewa kwamba hataki kujulikana. Nikaelekeza mpira kwenye dumu lake, nikalijaza bila kumpa shikamoo, mimi niliyemwamkia kila asubuhi kwa miaka yote ile. Maji yakichuruzika, wote wawili tulitazama dumu.

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Kutoka kwa akina mama nikasikia kuwa mzee yule ana mizabibu michache nyuma ya nyumba yake na anaogopa itakufa.

Kisha mwanamke mmoja alilalamika kwamba macho ya mwanawe yanawasha tangu amuogeshe kwa maji yale. Wengine wakashtuka, mmoja akamwaga ndoo yake chini. Kabla sijafungua mdomo, Mkuu alianza kueleza kutoka kwenye foleni, taratibu, kwa sauti ile ile ya maabara. Maji yana dawa. Yakiachwa wazi juani kutwa nzima, dawa huruka. Yafuliwe nguo, yamwagiliwe mimea, yasinywewe, na watoto wachanga wasiogeshwe. Walimsikiliza wote. Halafu yule mama akamuuliza amejuaje mambo hayo.

Mkuu aliweka dumu lake chini. "Alinifundisha huyu mama," akasema, akinionyesha mimi. "Huyu ni mtaalamu."

Sijui kama nitaweza kuwaeleza nilivyojisikia. Mwalimu wangu amejishusha awe mwanafunzi wangu, mbele ya maji waliyoogea watu, ili nisidharauliwe. Nilishindwa kuvumilia. Nikaweka mpira chini, nikapiga goti kidogo kama tulivyolelewa, nikasema, "Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Zaituni," akajibu.

Foleni nzima ikageuka. Mmoja akanong'ona kwamba kumbe ndiye yule mkubwa wa maji. Mwingine akaondoa ndoo yake ili mzee apite mbele, na kwa heshima hiyo wakamfanya aonekane na kila mtu. Akachukua dumu lake likiwa tupu, akawaaga, akaondoka. Hakurudi tena pale mtaroni.

Nilitafakari sana nilichofanya. Nilimpa heshima yake, na heshima hiyo ndiyo iliyomvua nguo. Jumamosi iliyofuata nilikodi mkokoteni, nikapeleka madumu ya maji yale ya pipa nyumbani kwake Chang'ombe. Mkewe alinipokea mlangoni, akasema mzee amelala. Nilisikia kikohozi chake ndani. Niliacha maji uani. Wiki iliyofuata nilikuta madumu yameoshwa, yamepinduliwa kando ya mlango, nikayajaza tena. Kiangazi chote tulizungumza kwa njia hiyo tu.

Siku moja nikamkuta amesimama kwenye mizabibu yake. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha majani yaliyoungua kingoni. "Klorini imezidi," akasema. "Punguza, au yaache juani kabla hujayaleta." Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Lakini yeye aliniuliza napimaje uchachu wa maji, nikamjibu, akanisahihisha, na muda ukapita hivyo. Niliondoka na maneno yangu.

Mradi wa barabara ulipokwisha, Mshauri alirudi kwao, na pipa likanunuliwa na nyumba ya wageni ya mjini. Meneja wake alinichukua pamoja nalo. Nilibaki pale hata baada ya pipa kuoza na kuvunjwa, nikisimamia matangi, mabomba na mafundi, hadi nywele zikawa nyeupe.

Siku ya kuniaga kustaafu, Meneja alitengeneza chakula, akawaalika wanangu na watu wa kazini. Mimi nilimwalika Mkuu. Alikuja na fimbo, amezeeka sana, shati limefungwa vifungo hadi juu. Niliombwa nisimulie kazi zangu. Nikasimulia kama nilivyozoea: maabara, visima vya Kondoa, chupa, mikono iliyonuswa, watu wakacheka. Kutoka hapo nikarukia nyumba ya wageni. Miaka ya Area D sikuigusa. Nilijiambia ninamsitiri yeye, na kweli nilikuwa ninamsitiri, lakini nilikuwa ninajisitiri mimi pia.

Nilipokuwa natafuta neno la kufungia, Mkuu aliegemea fimbo yake akasimama. Wote wakamgeukia kwa heshima ya umri wake.

"Zaituni, umeruka," akasema, kisha akawaeleza wageni. "Kabla ya hapa alifanya kazi Area D, kwenye pipa la kuogea la mgeni. Maji yake machafu tuliyakinga mtaroni. Mimi nilikuwa kwenye foleni, nina dumu."

Kisha akaketi, akanitazama, akasubiri niendelee.