Dubu Juu ya Sauti ya Mama

Mama alipofariki Unguja, mimi nilikuwa Birmingham nikisubiri karatasi za ukaazi, kwa hiyo sikumzika. Nilichotaka ni sauti yake tu. Kwenye simu alikuwa mtu wa salamu mbili tatu kisha anakata, anaogopa kukumalizia vocha, nami mpumbavu sikuwahi kumrekodi.

Kaka yangu, aliyetangulia huku kusoma enzi za kompyuta za kuchomeka kwenye televisheni, akasema kaseti moja ya mama bado anayo. Mama hakujua kuandika; barua zake alizisema kwenye kaseti na kumpa msafiri. Siku hizo sisi wadogo tulifukuzwa uani pamoja na kuku, tusije tukamkatiza.

Nikapanda basi hadi kwake Handsworth. Aliteremsha boksi kutoka darini, akaifuta vumbi redio yake ya kaseti, akaitia kaseti, akabonyeza. Ikatoka kelele ya kukera, kama sufuria inayokwanguliwa ukoko.

Akacheka. "Loo, huu si ule mchezo wangu?"

Kumbe michezo ya kompyuta zile iliwekwa kwenye kaseti, na mwenzake chuoni alimnakilia mmoja juu ya maneno ya mama. Katika mchezo huo, dubu wa kuchezea, wa kutia ufunguo, amefungiwa katika duka la vitu vya watoto. Askari wa bati wanampiga risasi, gari moshi linamfukuza, na ufunguo wa mgongoni ukiisha kuzunguka, amekufa. Alinieleza huku vidole vyake vikicheza hewani, mtu mzima na mvi zake. Nilimchukia, nasema kweli. Nikamwuliza kama kaseti tupu ziliadimika Uingereza nzima. Akasema alikuwa mpweke, baridi inamla, na maneno ya mama alikuwa ameshayasikiliza.

Sikumruhusu azime. Tukakaa na ile kelele mpaka ikakatika. Mchezo haukuwa umeujaza utepe wote. Halafu akaja mama, sauti ya mwanamke mdogo kuliko nilivyo mimi sasa.

"…basi, mwanangu. Na wewe niletee sauti yako. Nimechoka kusema peke yangu."

Kaseti ikaisha. Kaka alijifunika uso. Barua alikuwa akituma, ndiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea mama. Sauti hakutuma hata siku moja.

Baadaye akaniomba nirudishe nyuma, asikie tena. Nikarudisha, maana aliyekuwa akiitwa na mama ni yeye, si mimi.