Bei ya Baiskeli ya Gradi

Bei aliyoiweka Gradi kwa baiskeli yake ilikuwa laki tatu. Anne hakuuliza imetoka wapi. Kilichomhusu ni kwamba Karekezi, mwenye kibanda cha Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi, naye alitaka laki tatu hizo hizo kabla ya Ijumaa, la sivyo angempa mtu mwingine. Magoti ya Gradi yalikuwa yamekwisha. Bila kibanda cha kukaa na kufanya biashara, mume wake angekaa nyumbani, na Gradi akikaa nyumbani hurekebisha vitu ambavyo havijaharibika.

Baiskeli yenyewe, kinga kwa lugha ya kwao, ilikuwa ya enzi za mkoloni, nyeusi, nzito kama ndama. Gradi aliinunua kwa mfugaji mmoja wa Masha, akaiongezea stendi pana ya chuma, mnyororo wa pili, na jiwe la kunolea juu ya keria. Ukiisimamisha na kukanyaga pedeli, gurudumu la nyuma linaning'inia na jiwe linazunguka. Kwa jiwe hilo alinoa visu vya kambi nzima, na visu vya Mbarara pia, tangu binti yao Sonia hajaota meno.

Sasa ilikuwa ya kuuzwa, na Gradi hakuwa na dini nyingine ila bei ya haki. Kila mnunuzi alimpa kisu butu anoe kwanza. Aliyenoa vibaya hakuuziwa. Aliyenoa vizuri alionyeshwa kila ufa, kila spoki iliyolegea, mpaka akaenda zake bila kununua.

"Baba Sonia," Anne alimwambia, "unauza kinga ao unaoza binti?"

"Mutu ajue anachonunua."

"Amejua. Ndiyo maana amekimbia."

Jumatano wakapanda lori la matoke hadi Mbarara, baiskeli imelazwa juu ya mikungu. Muuza nyama wa kwanza akainyanyua kwa mkono mmoja, akaishusha.

"Mzee, hii ni chuma ya kupima kilo. Mimi natoa elfu hamsini."

"Haujakanyaga hata pedeli," Gradi akasema.

"Kilo haitaki kukanyaga, ssebo, mzee wangu."

Jua lilikuwa limepanda alipowasimamisha Katungi, kijana mnene mwenye baa mpya upande wa barabara kuu. Aliizunguka baiskeli akiipiga picha. Hakugusa jiwe.

"Taa yake bado iko. Usukani wa zamani kabisa. Mzee, mimi nipe hii. Laki tano."

Tayari Anne alishaona mabati ya kibanda.

Gradi akatoa kisu butu mfukoni. "Noa kwanza."

"Kunoa ya nini? Mimi natundika yeye kwa ukuta. Watu wanakunywa, wanaangalia. Hiyo jiwe nitatupa."

Gradi akarudisha kisu mfukoni polepole. "Basi laki tano si bei yake."

"Unataka ngapi?"

"Chini ya hapo. Kinga isiyotembea haina kazi. Nitatoa jiwe na stendi, kwa sababu hauvitaki. Bei yake ilikuwa laki tatu; toa moja ya jiwe na stendi. Inabaki mbili."

Katungi akamtazama Anne, kana kwamba anauliza kama mzee huyu ni mzima. Anne alihisi ulimi umevimba kwa maneno ya miaka yote. Mtu huyu, alifikiri, amevuka ziwa na mpaka, amelalia magodoro ya plastiki, na hapa penye laki tano anapunguza mwenyewe, kama anayepunguza chumvi kwenye mchuzi wa mwenzake.

"Gradi," akasema. Mbele za watu humwita Baba Sonia, na Gradi alijua sasa amekasirika.

"Niko."

"Wewe umepiga bei ya kazi. Huyu hanunui kazi. Ananunua uzee. Uzee wa hii kinga, bei yake unaijua?"

Gradi akakuna kidevu. Hakuijua.

"Mimi ninaijua. Kila ukienda Mbarara nilikaa mulangoni nasikiliza mnyororo, na mnyororo haukuja, na ugali ukawa jiwe. Nguo nilizofua mafuta yake ni mingi kuliko visu vyako. Uzee wake ni wangu. Ninauuza mimi. Laki mbili, juu ya zako mbili. Laki nne."

Katungi akahesabu noti haraka na kuzitia mkononi mwa Anne, asije mzee akaghairi. Gradi akaomba spana. Alifungua bolti moja moja, akalitoa jiwe, akalifunga kwenye shati lake. Stendi akaichukua Anne.

"Tumemwibia mutu," Gradi alisema walipokuwa njiani.

"Beba jiwe."

"Laki mbili ndiyo haki. Tumurudishie—"

"Beba jiwe, Baba Sonia."

Anne akafunga pesa kwenye ncha ya kitenge na kutembea upesi kuliko magoti ya mumewe. Kituoni alimpigia Karekezi: kibanda asimpe mtu, kesho asubuhi yuko mlangoni kwake. Karekezi akaitika. Ndipo Anne akageuka kumtafuta Gradi.

Alikuwa mbali, mbele ya hoteli ndogo. Jiwe lilikuwa chini. Mpishi alikuwa amesimama mikono kiunoni, na Gradi alikuwa ameshika kisu cha huyo mpishi, akipima makali kwa kidole gumba na kutikisa kichwa kwa ubutu wake.