Mama wa Kwenye Shairi

Juzi hapa nyumbani Buswelu binti yangu alikuwa akijisomea shairi la Kiingereza la zamani, lile la mjane ambaye mumewe alizama majini, akawa anamngoja kila jioni hadi mlango ukagongwa. Alimaliza, akapiga miayo. Mimi nikaacha kuchambua mchele.

Rafiki yangu, shairi lile lilinitesa nikiwa kidato cha pili. Mwalimu alitusomea mvua ikinyesha, akitafsiri mstari kwa mstari, na mabati yalivyokuwa yakipiga kelele ilibidi apaze sauti. Alipofika pale mjane anapofungua mlango na kukuta nyayo za maji kizingitini, darasa zima tulisogeleana kwenye madawati.

Tuliishi Kirumba, karibu na ziwa. Bibi yangu alikuwa akianika dagaa juu ya mawe, na kazi yangu baada ya shule ilikuwa kumsaidia kuwageuza. Siku ile mvua ilishakatika na jua limetoka, lakini nilisimama mbali, nikiyaogopa maji.

"Leo hata shikamoo hamna?" akauliza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kakutisha?"

Nikamsimulia shairi lote. Katikati nikakumbuka, nikatamani kuumeza ulimi wangu: babu alipanda mtumbwi kwenda Nansio kabla sijazaliwa, na hakuonekana tena. Nyumbani hatukuwahi kumtaja. Bibi aliacha kugeuza dagaa.

"Alimfungulia?"

"Alimfungulia, bibi."

"Angefanyaje? Si mume wake!" Akageukia ziwa. "Halafu akampa nini?"

"Hakumpa kitu. Shairi linaishia hapo."

"Mtu atoke majini na baridi yote ile, asipewe hata uji? Aliyetunga hakuwahi kuolewa."

Akacheka hadi akakaa chini, kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga. Ndipo akaanza kunieleza habari za babu: alivyokuwa akikohoa nje kabla ya kuingia ili asimshtue mtu, alivyopenda ugali wa muhogo kwa sato mbichi, alivyoimba vibaya. Mchana ule nilipata babu. Tangu hapo, kila tulipogeuza dagaa, aliniambia, "Hebu nisimulie tena yule mama." Nami nilisimulia, naye akaongeza mambo ya mumewe, mpaka hofu ikaniisha.

Bibi tulishamzika. Pale penye mawe yetu pamejengwa ukuta, na sauti ya maji huisikii tena kwa sababu ya muziki wa baa iliyo nyuma yake.

Binti yangu alipolala nilichukua lile shairi nikalisoma peke yangu, nikakuta kwamba bado linatisha. Lakini utotoni, nilipoogopa, nilikuwa na mtu wa kumkimbilia.