Kengele ya Rafu ya Tatu

Fundi wa maabara yetu ya uhandisi amezeekea kwenye rafu zile. Kila kifaa ambacho wanafunzi wametengeneza kwa utafiti hubandikwa karatasi ya alama, kikapangwa, kisha hakitoki tena. Chuo huuita huo utafiti wa kutatua matatizo ya jamii.

Kwenye rafu ya tatu kuna kengele ya kutambua gesi inayovuja. Ilipata A. Miezi minane baadaye gesi ilivuja katika kiwanda cha rangi kilicho mkabala na chuo, ikamuua mdogo wake fundi. Tangu hapo fundi huichaji kengele ile kila asubuhi. Wakati mwingine kengele hulia bila gesi yoyote, naye huiitikia kwa upole, “Nimekusikia.”

Juzi nilimpelekea kengele yangu ya mradi wa masomo, iliyoboreshwa.

“Umepata A, bwana mdogo. Tuiweke wapi?”

“Rafuni, mzee, kama nyingine.”

Ile ya zamani ikalia. Fundi akabandua karatasi yangu ya alama, akachukua kengele yangu na bisibisi, akavuka barabara. Nilimfuata na ngazi begani, aibu imenijaa.

Mlinzi wa kiwanda akauliza, “Nani kawatuma?”

“Mdogo wangu,” fundi akasema.